Shamba lisiuzwe kwa ajili ya ualimu Dubai

WAKULIMA wa kahawa mkoani Kagera wanaijua butura: kuuza kahawa ingali ua mtini, kwa bei ya chee, kwa sababu ya shida ya fedha. Familia inayouza shamba ili kumlipa wakala amtafutie kijana wao ualimu katika shule ya kimataifa Dubai inafanya biashara ya namna hiyo hiyo.

Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, hata kwa mlango wa nyuma. Kuthibitisha vyeti kunaweza kumwangukia mwalimu, lakini gharama hiyo ina risiti. Wakala anayedai mamilioni ya "kushughulikia kazi" aulizwe anayalipia nini.

Ni kweli kazi hiyo ina faida. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, na dirhamu imefungwa kwa dola tangu 1997, takriban 3.67 kwa dola moja. Lakini mavuno hayaji mara moja. Kodi ya nyumba Dubai mara nyingi hulipwa kwa hundi za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kama shule haitoi nyumba, mishahara ya mwanzo huishia huko. Tena, katika kipindi cha majaribio, kisichozidi miezi 6, mwajiri anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14. Aliyekopa kwa riba atalipa nini?

Mkataba usomwe kama mizani ya mnunuzi. Kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi tu: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza. Tuseme walimu wawili wanalipwa dirhamu 6,000 kila mmoja. Wa kwanza, ambaye zote ni mshahara wa msingi, ataondoka na 8,400 baada ya miaka 2. Wa pili, ambaye 2,000 kati ya hizo ni posho, atapata 5,600.

Kabla ya kutoa hata shilingi, familia iuone mkataba wenye jina la shule, iulizie ofisi ya kazi kama wakala ana leseni, na iangalie nani analipa tiketi, viza na nyumba. Ikiwa anayelipa yote ni mzazi, hati ya shamba ibaki sandukuni.