KALAMU YA KARANI NA DAMU YA MTU



Mara nyingi husikiwa maofisini neno hili: "Karani hana lake, huandika aambiwalo na mkubwa wake." Sisi twalikataa neno hilo, na hoja yetu twaitoa katika sinema iitwayo Z, aliyoitengeneza Bwana Costa-Gavras mwaka 1969.

Asili yake ni habari ya kweli. Tarehe 22 Mei 1963, katika mji wa Thessaloniki, nchi ya Ugiriki, mjumbe wa Bunge Grigoris Lambrakis alipigwa rungu kichwani na mtu aliyekuwa juu ya gari dogo la magurudumu matatu, hali polisi wamejaa mahali pale. Akafa siku tano baadaye. Wakubwa wa polisi wakasema ni ajali ya barabarani. Neno moja tu, jepesi kuandikwa, nalo lilitaka kumzika marehemu pamoja na haki yake.

Katika sinema, hakimu mpelelezi naye alianza kwa kusema "tukio." Ushahidi ulipozidi, akatamka "mauaji." Ndipo akawaita maofisa wakubwa, mmoja mmoja, wenye nishani vifuani, akawauliza kama aulizwavyo mchukuzi yeyote: Jina lako nani? Kazi yako nini? Na majibu yao yakapigwa chapa. Mlio wa mashine ile ulikuwa mzito kuliko vitisho vyao vyote.

Wako watakaotujibu: mbona haki haikushinda? Ni kweli. Mwaka 1966 baraza liliwaachilia maofisa wale. Mwaka 1967 wanajeshi wakatwaa serikali, na mwaka uliofuata hakimu mwenyewe, Christos Sartzetakis, akafukuzwa kazi. Baadaye akatiwa kifungoni. Lakini utawala ule ulianguka mwaka 1974, na mwaka 1985 Bunge likamchagua hakimu yuleyule kuwa Rais wa nchi. Yaliyoandikwa kwa kweli hayakufutika.

Hatusemi karani avunje amri halali, wala atoe siri za ofisi. Twasema asiandike alijualo kuwa ni uongo. Akishurutishwa, na aombe amri hiyo kwa maandishi, yenye sahihi ya mwenye kuitoa. Aombwapo sahihi, mwenye hila husita.

Wakubwa huhamishwa, nasi hustaafu. Faili hubaki kabatini. Yatupasa kuwa watu ambao faili haitawaaibisha.