Acha Kitabu Kirefu Kikuchoshe Kidogo

Ukisema unasoma The Lord of the Rings, swali la kwanza utakaloulizwa Nairobi hii ni: si kuna filamu? Kabla hujajibu, mwingine ameshakwambia yuko na zote tatu kwa flashi na anaweza kukutumia.

Filamu ziko, ndiyo. Peter Jackson alizitoa kati ya 2001 na 2003 na ni moto, sina ubishi. Nimezitazama mara nyingi kuliko nilivyowatembelea baadhi ya shangazi zangu. Lakini riwaya yenyewe ina kurasa elfu moja hivi, na mimi nashikilia kwamba hizo kurasa nyingi, hata zile za kuchosha, ndizo raha yenyewe. Anayekusimulia kisa kwa ufupi hajakupa kitabu kile kile kikiwa kidogo. Amekupa kitu kingine.

Chukua mwanzo. Bilbo anafanya sherehe ya kutimiza miaka 111, anaondoka, pete inabaki kwa Frodo. Kwa filamu, Gandalf anatoka mbio, anarudi mbio, safari inaanza. Ungedhani ni wiki mbili. Kitabuni inapita miaka 17. Frodo anaipokea akiwa na miaka 33 na anatoka nayo nyumbani akiwa na 50. Huo wote ni muda wa kukaa na kitu kibaya ndani ya nyumba huku unakula, unatembelea majirani na kusema mambo yako sawa. Ni wangapi tunajua maisha ya aina hiyo?

Halafu kuna sura ya baraza la Elrond. Manze! Ni kikao cha kweli. Kila mjumbe anasimama, anaeleza alikotoka, nani alimtuma na babu yake alipigana na nani. Kama ushawahi kukaa kwa kamati ya harusi, unaijua hali hiyo. Wengi huacha kusoma hapo hapo. Ila vumilia. Mwisho wa kikao wakubwa wote wananyamaza, hakuna mwenye jibu, na Frodo anasema yeye ndiye ataibeba pete ingawa njia haijui. Kwa filamu anayasema hayo watu wakipigiana kelele. Kitabuni ni kimya, na kimya hicho kinakulemea kwa sababu umekaa kikao kizima pamoja nao.

Iliyonimaliza kabisa ni juzuu ya pili, The Two Towers. Frodo na Sam washaondoka peke yao, na Tolkien anawafungia mlango. Nusu nzima ya juzuu inawafuata wenzao: vita, farasi, miti inayotembea. Filamu hukurusha huku na kule kila baada ya dakika chache ili usiwe na wasiwasi. Kitabu kinakuacha na wasiwasi wako. Ukifika nusu ya pili, ni Frodo na Sam tu, wakitembea, wakihesabu mikate iliyobaki, wakimtumaini kiongozi wa njia anayeweza kuwanyonga usiku. Sura baada ya sura. Unachoka kama wao. Kisha juzuu inaisha Frodo akiwa ametekwa! Waliokisoma Uingereza kilipotoka Novemba 1954 walisubiri hadi Oktoba 1955 kujua kama ataokoka. Sisi kipindi kikichelewa wiki moja tunatukana watu mtandaoni.

Nadhani hii tabia ya kutaka muhtasari tuliipata shuleni. Tulisoma Chozi la Heri na mwongozo ukiwa pembeni, na wengine walisoma mwongozo pekee wakapita mtihani vizuri tu. Tulizoea kwamba hadithi ni maudhui, dhamira na sifa tano za mhusika. Siku hizi huhitaji hata mwongozo, simu inakufupishia. Mimi hakuna atakayenitahini kuhusu Sam, na labda ndiyo sababu namkumbuka kuliko mhusika yeyote wa Kidato cha Nne.

Na kabla mtu hajasema haya ni mambo ya wazungu: Utenzi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka wa 1728. Una beti zaidi ya elfu moja za vita, majeshi na mashujaa. Watu wa Pwani waliketi wakasikiliza tenzi kama hizo bila kudai wapewe muhtasari. Uvumilivu huo haukuletwa na meli.

Si kwamba nakitetea chote. Nyimbo zake ni nyingi mno, mimi kadhaa nimeruka na sijafa. Wanawake ni wa kuhesabu kwa vidole. Na watu weusi wa kusini wanapotokea, wako upande wa adui. Hilo msomaji wa huku haliwezi kumpita hivi hivi.

Lakini kuna sehemu moja ambayo Jackson hakuitia kwenye filamu zake, na kwangu ndiyo inayolipa gharama yote. Pete ishaangamizwa, vijana wanarudi kwao Shire, wanakuta kumeharibiwa. Miti imekatwa. Matangazo ya sheria mpya yamebandikwa kila mahali. Chakula kinakusanywa eti kigawanywe, halafu hakigawanywi. (Soma hapo ukiwa Mkenya, utacheka vibaya.) Wanalazimika kupigana tena, nyumbani kwao.

Merry na Pippin wanashangiliwa. Wamerudi warefu, na mavazi yao ya vita yanang'aa. Frodo, aliyebeba mzigo, hapewi heshima kubwa na watu wake. Hawajui hata wamuulize nini. Kila tarehe 6 Oktoba, siku aliyochomwa kisu, anaumwa upya.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika. Nyumbani wananiuliza nilifika mwaka gani, wananiuliza kama nitarudi, basi. Nilizisoma kurasa hizo ndani ya matatu, saa mbili usiku, na nikapitisha steji yangu. Mtu angenisimulia sehemu hiyo kwa sentensi moja ningesema pole yake, nikaendelea na siku yangu. Baada ya kurasa mia tisa na Frodo, sikuweza kusema pole.

Nakala yangu ni ya mtumba, juzuu zote tatu katika kitabu kimoja, jalada limeshikwa na selotepu. Hesabu yake si ngumu: kurasa 20 kwa siku, siku 50. Kwa watu wa Rongai, huo ni msongamano wa asubuhi pekee.