Saratani Iliyotibiwa Yahitaji Kulindwa

Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Wagonjwa wapya hukadiriwa kuwa takriban 10,000 kila mwaka. Mengi yamekwisha kusemwa juu ya kuikinga, hasa tangu chanjo ya wasichana ilipoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Machache mno husemwa juu ya mama aliyekwisha kutibiwa.

Mama wa Bukoba au Muleba aliyepata tiba ya mionzi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hurejea kwenye kibanja chake akiamini kwamba kazi imekwisha. Kumbe bado. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ndiyo maana hutakiwa kuonana na daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili, kisha kwa nafasi ndefu zaidi hadi mwaka wa tano. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo na haujaenea, wapo wanaoweza kuponywa kwa upasuaji, au kwa mionzi iwapo hawakuipata hapo awali. Ukichelewa, mara nyingi hubaki kupunguza makali ya ugonjwa tu.

Kila chombo na kazi yake

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti. Haioni kila uvimbe, lakini huonyesha figo iliyojaa mkojo kwa sababu mrija wake umebanwa, na hiyo huweza kuwa dalili ya ugonjwa uliorudi nyongani. CT huunganisha picha nyingi za eksirei; huonyesha tezi zilizokua na madoa mapafuni, ila hutatizika kutenganisha uvimbe na kovu lililoachwa na mionzi. MRI, itumiayo sumaku, huzibainisha nyama laini vizuri zaidi. PET hufuatilia sukari iliyotiwa mnururisho kidogo, kwa kuwa seli za saratani hula sukari nyingi. Hata hivyo, nyama iliyojeruhiwa na mionzi nayo hula sukari, hivyo picha ikipigwa mapema mno hupotosha. Hatimaye, pale inapowezekana, hukatwa kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe kwa hadubini.

Lipi litangulie?

Wako wanaodai kwamba kila mkoa upewe kwanza mashine kubwa. Dai hilo si la kupuuzwa. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kero ya kivuko, lakini safari ya kutoka Bukoba hadi Mwanza ingali ya mamia ya kilomita, nauli na siku za kazi zilizopotea. Hata hivyo, mashine haimtafuti mgonjwa. Aliyekosa kurudi kliniki hatafaidika nayo hata ikiwekwa mlangoni pake.

Kwa hiyo yafaa kuanza na daftari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na zile za Rubya na Ndolage wilayani Muleba, zikiwa na orodha ya akina mama waliotibiwa, zaweza kuwaita kwa zamu, kuwauliza, kuwapima kwa mikono na kwa ultrasaundi. Mwenye dalili apelekwe haraka kwenye CT au MRI, akiwa na picha zake za awali mkononi. Kwani picha ya leo haisomeki vema bila ya jana kando yake.

Walimu wa fizikia na biolojia wanalo somo hapa, na wanafunzi wanao wajibu. Mama aliyetibiwa akianza kutokwa damu, kuvimba mguu mmoja, au kuumwa nyonga na mgongo bila kupona, asiambiwe kwamba ni uchovu wa shamba. Aambiwe arudi hospitali, na tarehe yake ya kliniki iheshimiwe nyumbani kama inavyoheshimiwa siku ya mtihani.