Bendi ya Kupigiwa Simu, na Lile Swali la Pesa

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na kasoro za programu, nizungumzie bendi ya roki. Usiondoke, tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujamaliza. Unanijua.

Bendi yenyewe yaitwa They Might Be Giants. Huenda jina hilo hulijui, lakini nathubutu kusema umeshaisikia. Kama nyumbani kwenu kuna mtoto aliyewahi kukaa mbele ya runinga kutazama Mickey Mouse Clubhouse, katuni iliyoanza mwaka wa 2006, basi wimbo wa kufungulia kipindi, na ule wa mwisho ambapo Mickey na wenzake wanacheza "Hot Dog", ni kazi ya bendi hii. Mimi niliingia kwa mlango huo. Dada yangu aliniachia mtoto wake Jumamosi moja, nikausikia wimbo ule mara kumi na nne kabla ya chakula cha mchana. Mara ya kumi na tano nikajikuta naupenda. Mtu mzima! Nikaenda kutafuta ni nani aliyeutunga, na hapo ndipo nilipopotea. Nyuma ya wimbo huo wa watoto kulikuwa na bendi iliyoanza mwaka wa 1982, yenye mamia ya nyimbo, na mashabiki wanaoweza kukueleza kila wimbo ulirekodiwa vipi.

Wanaoiongoza ni wawili, na wote wanaitwa John: John Flansburgh, mpiga gitaa, na John Linnell, anayepiga kinanda na kodiani. Walikua pamoja katika mji wa Lincoln, jimbo la Massachusetts, kisha wakahamia Brooklyn, New York. Jina la bendi walilitoa kwenye filamu ya mwaka wa 1971, nayo filamu ililitoa kwenye kisa cha Don Quixote, yule bwana aliyeshambulia vinu vya upepo akidhani ni majitu. Maana yake ni kwamba huenda kweli ni majitu, nani ajuaye?

Kwa miaka kumi ya mwanzo hawakuwa na mpiga ngoma. Walipanda jukwaani wawili tu, gitaa na kodiani, na midundo ikatoka kwenye mashine na kanda. Wapenzi wa roki waliona kodiani ni kichekesho. Kwetu Kenya hatungeshangaa sana. Wazee wa Mlima Kenya wamecheza mwomboko kwa kodiani na ile pete ya chuma, karing'aring'a, na hakuna aliyewaambia kwamba vyombo havijatosha.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miaka ya 80, mwanzoni kabisa, wawili hawa walipatwa na mikosi miwili kwa pamoja. Wezi waliingia kwa Flansburgh wakamwibia. Linnell naye alianguka na baiskeli akavunjika kifundo cha mkono. Hakuna tamasha, hakuna mapato. Wakachukua mashine ya kupokea ujumbe wa simu, ile ya kanda, wakaiunganisha na laini ya kawaida ya Brooklyn, na badala ya "hatupo nyumbani, acha ujumbe" wakaweka wimbo. Wakatangaza nambari gazetini. Ukipiga, unasikia wimbo mmoja. Ukipiga siku nyingine, huenda ukasikia mwingine. Huduma hiyo wakaiita Dial-A-Song. Gharama yake ilikuwa ile ya simu ya kawaida, na tangazo lao lilisema ni bure ukipiga kutoka kazini. Wafanyakazi wa ofisini, mmeelewa.

Tazama ubunifu huo kwa jicho la fundi. Laini ni moja, kwa hiyo anahudumiwa msikilizaji mmoja kwa wakati mmoja. Wengine wote wanapata mlio wa "laini inatumika". Mashine inaharibika kila mara. Wenyewe walitania kwamba huduma yao daima ina shughuli na mara nyingi ni mbovu. Mhandisi yeyote wa leo angeikataa kwenye mkutano wa kwanza. Lakini ilidumu takriban miaka 20, na mwaka wa 2015 waliifufua wakatoa wimbo mpya kila wiki kwa mwaka mzima.

Ipo rekodi moja ya mashine hiyo ambayo mashabiki wote wanaijua. Mwanamke fulani alipiga simu akiwa na mwenzake kwenye laini ileile. Wimbo ulipokwisha, wawili hao waliendelea kuongea bila kujua kwamba mashine inarekodi. Walikuwa wanajiuliza jambo hili ni nini hasa, na watu hawa wanapataje pesa. Bendi ikaichukua rekodi hiyo na kuitoa pamoja na nyimbo zake.

Nimeisikiliza mara nyingi, kwa sababu swali hilo nalijua. Nimeulizwa na wajomba, na wenye mitaji, na mwenzangu wa zamani kazini. Wewe unapataje pesa?

Turudi kwenye muziki kwanza. Watu wakisikia bendi hii mara ya kwanza husema ni vichekesho tu. Nami nilisema hivyo. Wimbo wao uliojulikana sana, "Birdhouse in Your Soul" wa mwaka wa 1990, uliofika nambari 6 Uingereza, anayeimba ni taa ndogo ya usiku ya chumbani. Taa! Lakini usikilize tena. Taa inamwambia mwenye chumba kwamba ipo, kwamba anaweza kulala. Katika albamu hiyohiyo, Flood, yuko mtu aliyekufa akarudi duniani akiwa mfuko wa bidhaa za dukani, na sauti inayoimba ni ya uchangamfu kabisa. Ndiyo tabia yao: muziki unacheka, maneno yanaogopa kifo. Anayesikia kicheko peke yake amesikia nusu. Kwa hiyo maoni yangu ya kwanza leo ni haya: bendi ya namna hii haihukumiwi kwa wimbo mmoja. Mpe wiki mbili.

Na kwa sisi watu wa mitambo kuna raha nyingine. Mifano mitatu tu.

Mwaka wa 1992 walitoa albamu ya Apollo 18. Ndani yake waliweka vipande 21 vifupi mno, vingine vya sekunde chache, kila kimoja kikiwa na nambari yake kwenye CD. Sababu? Vichezeo vya CD vya wakati ule vilikuwa na kitufe cha kuchanganya nyimbo bila mpangilio. Ukikibonyeza, vipande hivyo vinajichomeka kati ya nyimbo ndefu, na kila ukisikiliza unapata albamu tofauti. Waliandika muziki kwa ajili ya kitufe.

Mwaka wa 1996 walikwenda kwenye maabara ya zamani ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, wakarekodi kwa silinda ya nta, bila umeme wowote, wakipaza sauti mbele ya tarumbeta kubwa. Rekodi moja ya siku hiyo imo kwenye albamu ya Factory Showroom. Miaka mitatu baadaye, 1999, watu haohao walitoa albamu nzima ya Long Tall Weekend kwa njia ya MP3 peke yake, wakati bendi nyingi zilikuwa bado zinaiona intaneti kama mwizi. Kutoka nta hadi MP3 katika miaka mitatu.

Mfano wa tatu ndio ninaoupenda zaidi. Walikuwa wakiimba wimbo wa watoto wa mwaka wa 1959 unaoeleza kwa nini jua linawaka. Wimbo huo unasema jua ni gesi. Wanasayansi watakuambia sivyo hasa. Jua ni plazma, hali nyingine ya maada ambamo elektroni zimeachana na viini vyake. Basi katika albamu ya watoto ya mwaka wa 2009, Here Comes Science, waliweka wimbo wa zamani, na baada yake wakaweka wimbo mpya unaosahihisha ule wa kwanza. Hawakuufuta ule wa zamani wala hawakujificha. Walitoa toleo la pili na kueleza kilichobadilika. Ningependa kila mtunzi wa programu ninayefanya naye kazi afanye hivyo.

Haya, sasa pesa.

Nisije nikawadanganya kwamba mapenzi ya mashabiki yanalipa kodi ya nyumba. Hayalipi. Flood iliuza vizuri na baadaye ikapata hadhi ya platinamu Marekani, lakini albamu zilizofuata hazikufika hapo, na baada ya ile ya 1996 wakaachana na kampuni kubwa ya rekodi. Kilichowaweka mjini ni kazi za kuagizwa. Waliimba wimbo wa kipindi cha runinga cha Malcolm in the Middle, ukawapa tuzo ya Grammy mwaka wa 2002. Walitengeneza albamu za watoto kwa ajili ya Disney, na moja, Here Come the 123s, ikapata Grammy nyingine mwaka wa 2009. Mtu mkali anaweza kusema: basi waliuza roho, wakawa waimbaji wa Mickey.

Sikubaliani. Kazi ya kuagizwa inakuwa aibu ikifanywa kwa mkono wa kushoto. Hawa waliwaimbia watoto kwa uangalifu uleule waliowaimbia walevi wa Brooklyn. Ndiyo maana mtu kama mimi, aliyekaa kumlinda mtoto tu, alisimama akauliza ni nani hawa. Wimbo wa Mickey ulilipa bili, na papo hapo ukawa mlango. Wengine waliingia kwa mlango wa katuni za Tiny Toons mwaka wa 1991, wengine kwa simu. Milango mingi, nyumba ni moja.

Na hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaosema siku hizi kugundua muziki ni rahisi. Ni rahisi kusikia. Mitambo ya mapendekezo hukuletea wimbo unaofanana na ule uliopita, na bendi hii haifanani hata na yenyewe kutoka wimbo mmoja hadi mwingine. Mtambo unakuletea "Birdhouse" na "Istanbul" daima, kisha unakupeleka kwa bendi nyingine. Mamia ya nyimbo zilizobaki utazifikia kwa miguu yako mwenyewe, au ushikwe mkono na shabiki anayesema, "Ndugu yangu, hebu sikiliza huu." Mtambo unapima ulichobonyeza. Haupimi ulichorudia miaka kumi baadaye.

Tena tusijidanganye kwamba muda upo. Linnell alizaliwa 1959, Flansburgh 1960. Mwezi wa Juni 2022, wakiwa ndio wameanza tena ziara iliyokwamishwa na korona, gari alimokuwa Flansburgh liligongwa baada ya onyesho New York, akavunjika mbavu kadhaa. Alipona, akarudi jukwaani. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ushabiki, na nilishtuka kama ni jirani yangu. Vitu vidogo vinavyoshikiliwa na watu wawili vinaweza kukatika usiku mmoja.

Nilisema tutarudi kwenye tarakilishi. Nina programu ndogo niliyoitengeneza miaka saba iliyopita, ya kuweka hesabu za vyama: nani amechanga, nani ana mkopo, zamu ya nani mwezi huu. Inatumiwa na vyama kama arobaini. Haijawahi kuongezeka sana. Mwaka jana nilishaandika ujumbe wa kuwaaga watumiaji, kwa sababu gharama ya seva inatoka mfukoni mwangu na kila ninayemweleza ananiuliza lile swali la yule mwanamke wa kwenye simu. Kabla sijautuma, mwekahazina wa chama kimoja, mama wa makamo, alinipigia. "Mwanangu, ile kitu yako imekwama, na leo tunakutana saa tisa." Nikairekebisha kabla ya saa tisa. Ujumbe wa kwaheri bado uko kwenye rasimu.

Sisemi kila kitu kidogo kiendelee milele. Vingine vifungwe, tena kwa heshima. Ninachosema ni kwamba "wanapataje pesa" ni swali la pili. Swali la kwanza ni kama yupo mtu upande wa pili wa laini. Wale wawili wa Brooklyn walijibu la kwanza kwa mashine mbovu ya kanda, na la pili likawachukua miaka ishirini, kwa kazi za kuagizwa zilizofanywa vizuri. Mimi nalipia seva kwa kazi za wateja, na nimeamua kuilipia mwaka mmoja zaidi.

Ukitaka kuanza, anza na Flood yote, si wimbo mmoja. Kisha Lincoln ya mwaka wa 1988. Kisha Apollo 18, na usisahau kubonyeza kitufe cha kuchanganya. Ukiona ni upuuzi baada ya wiki mbili, nitakubali. Lakini wiki mbili, si dakika mbili.

Na wewe, ni kitu gani kidogo unachokipenda ambacho kila mtu anakuuliza kinapataje pesa? Niambie. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye hifadhidata.