Nani Kakudanganya Kwamba Filamu Iko Sinza?

Wewe uliye ndani ya basi la Dar, begi miguuni, namba ya "dairekta" mmoja umeiandika kwenye kikaratasi, nisikilize kabla hujashuka stendi ya Mbezi. Unakwenda kufanya nini?

Unakwenda kutafuta chaneli. Chaneli gani? Nani anakusubiri? Filamu gani inaanza kupigwa Jumatatu na jina lako limo? Hakuna. Unakwenda tu, kwa sababu wenzako walikwenda.

Nimechoka. Nimechoka kuona vijana wenye vipaji kutoka Kigoma, Songea na Tabora wakija kuozea kwenye vyumba vya uani vya Sinza na Mwananyamala. Mama kauza mbuzi. Mwenye nyumba kachukua kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye kachukua ya mwezi mzima juu yake. Kilichobaki ni nauli ya daladala ya kwenda kwenye usaili, na huko unaambiwa, "Tutakupigia."

Hawapigi.

Na wakipiga, ni sini moja. Unafungua geti, gari linaingia, unasema "karibu bosi", umemaliza. Jumba ni lile lile la kukodi la Mbezi Beach, ngazi zile zile, masofa yale yale ambayo mtazamaji wa Tandahimba ameshayakariri. Umeamka alfajiri, umeshinda juani, jioni unapewa soda na nauli, na maneno matamu: "Cha msingi utaonekana." Uonekane na nani? Mwenye nyumba wako anapokea kodi ya kuonekana?

Kwa mabinti ni zaidi. Simu inalia saa nne usiku, "njoo tupitie skripti". Mnajua ninachosema. Mnajua, na mnanyamaza.

Wakenya waliwaonyesha haya mwaka 2012 kwenye filamu ya Nairobi Half Life: kijana katoka kijijini kwenda jijini kutafuta uigizaji, siku ya kwanza tu kaporwa kila kitu. Mliitazama, mkacheka, mkakata tiketi ya basi.

Najua mtanitajia mwigizaji Kanumba. Kila nikisema haya natajiwa Kanumba: alitoka Shinyanga, akaja Dar, akawa Kanumba. Sawa. Lakini Kanumba hakujifungia chumbani kungoja jiji limtambue. Aliingia Kaole, kikundi kilichokuwa na mazoezi na michezo iliyorushwa ITV, mahali ambapo msanii anafanya kazi mpaka inamkaa mwilini. Yeye alifuata kazi. Wewe unafuata jina la mtaa.

Tena zama zile Dar ilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa Kariakoo. Wasambazaji walikuwa pale. Walinunua filamu yako, wakairudufu kwenye kanda, baadaye kwenye DVD, wakaisambaza mikoani. Aliyekuwa mbali na Kariakoo alikuwa mbali na hela. Leo nani ananunua DVD? Filamu inapakiwa YouTube kutoka Kahama kama inavyopakiwa kutoka Kinondoni. Fuata nyuki ule asali, walisema wazee. Nyuki walishahama, nyinyi bado mnagombania mzinga mtupu, tena kwa kodi ya miezi sita!

Amkeni, jamani.

Nigeria nao walirundikana Lagos. Gharama zilipowashinda, watayarishaji wengi wakahamishia kazi Asaba, mji wa jimbo la Delta, na waigizaji wa Lagos wakaanza kusafiri kwenda huko kufuata riziki. Kano hawakuiomba Lagos ruhusa. Wanatengeneza filamu zao za Kihausa na watazamaji wao ni tele. Hapo Kampala, Isaac Nabwana, mfyatua matofali wa zamani, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 mtaani kwake Wakaliga, majirani ndio waigizaji, kompyuta kaiunga mwenyewe. Mmarekani mmoja akafunga virago New York akahamia Wakaliga kufanya naye kazi. Wakaliga, si Hollywood!

Na sisi je? Penye miti hapana wajenzi. Hollywood ilimvusha John Wayne bahari mpaka Arusha kupiga Hatari!, filamu iliyotoka 1962. Walikuja na mizigo yao yote kuifuata Momella, huko huko Arusha. Kijana aliyezaliwa chini ya Mlima Meru anaipa mgongo Momella hiyo hiyo, anakwenda kupigwa picha mbele ya ukuta wa Mbezi Beach. Amil Shivji alipoichukua riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, alikwenda kuipiga Zanzibar, kwenye hadithi yenyewe, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Nani alimwuliza kwa nini hakuipiga Sinza?

Hasara si ya mfuko wako peke yake. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma na taa zao usiku ziwani, wako wapi kwenye skrini zetu? Wachimbaji wa Geita wako wapi? Mhaya wa filamu zetu ni mtu wa Sinza anayeigiza lafudhi ili tucheke. Msukuma ni mshamba wa kuzomewa, Mmasai ni mlinzi wa getini. Halafu tunalalamika kwamba watu wanatazama tamthilia za Kituruki na Kikorea zilizotiwa Kiswahili. Wasitazame nini? Geti?

Sisemi Dar ifungwe. Televisheni ziko huko, na zinanunua tamthilia. Wewe ni fundi wa sauti, mhariri, mtu wa taa? Nenda, utakula, maana kila mtu anataka ustaa na hakuna anayetaka kushika bumu, fimbo ya maikrofoni. Una mkataba mkononi, wenye tarehe na malipo? Nenda kesho.

Huna? Basi shuka Morogoro, urudi. Tafuta watu watano hapo ulipo, wenye simu nzuri na kipaza sauti cha kueleweka, mpige filamu ya mtaa wenu kwa lafudhi ya mtaa wenu. Na wewe ambaye tayari uko Sinza, kodi ya miezi sita inaisha mwezi ujao na hujaigiza zaidi ya kufungua geti: usilipe tena.