Songwe: Lango Lisilo na Nyumba

Kila kiongozi afikapo Tunduma hutamka neno moja: lango. Lango la kusini, lango la SADC, lango la fursa. Nimelisikia kwenye mikutano ya hadhara, nimelisoma kwenye mabango, na muhula huu nimelikuta tena kwenye insha za wanafunzi wangu. Sina ugomvi na neno lenyewe. Ila lango hujengwa kwa ajili ya nyumba, na swali tusilouliza ni hili: nyumba ni ya nani?

Simama asubuhi kandokando ya barabara kuu pale Tunduma. Malori yanayoshuka kwenda bandari ya Dar es Salaam yamebeba shaba ya Kongo na Zambia. Yanayopanda yamebeba mafuta, mbolea, mitambo na bidhaa za viwanda vya mabara mengine. Pembeni yake wako mama lishe, vijana wanaobadilisha kwacha, mawakala wa forodha, waendesha bodaboda na wenye nyumba za kulala wageni. Mji mzima unaishi kwa subira ya dereva. Foleni ikirefuka, mji unakula. Foleni ikifupishwa, mji unalalamika. Kituo cha Pamoja cha Forodha cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa Oktoba 2019 na Rais Magufuli na Rais Lungu, lengo lilikuwa jema: lori lipite haraka. Lakini tujiulize, ni uchumi wa namna gani huu ambao ufanisi wake ni hasara kwa wakazi wake? Ni uchumi usiozalisha kitu. Unauza kusubiri.

Hoja yangu ni moja. Songwe haikukosa viwanda kwa sababu ya uvivu wa watu wake, wala kwa upungufu wa semina za ujasiriamali, wala kwa kukosa wawekezaji. Imekosa viwanda kwa sababu dola, tabaka linaloishikilia dola na mtaji wa kimataifa vimegawana kazi, na katika mgawanyo huo kazi ya Songwe ni kupitisha.

Barabara ya wengine

Mgawanyo huu una umri. Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi yetu kwa mkataba wa Julai 1890, mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ulichorwa kwa namna ambayo Barabara ya Stevenson, iliyobeba jina la mfanyabiashara wa Glasgow, ibaki upande wa Waingereza. Mnyiha, Mnyamwanga na Mndali hawakuulizwa. Mpaka huu, tangu siku ya kwanza, ulifuata mahitaji ya njia ya biashara ya watu wa mbali. Baadaye, vijana wa Nyanda za Juu Kusini wakawa wenyewe ndio bidhaa: WENELA iliwachukua kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na wengine walijiendea Ukanda wa Shaba. Ukoloni haukulisahau eneo hili hata kidogo. Ulilipangia kazi ya kutoa nguvukazi.

Uhuru ulijaribu kuigeuza njia hiyo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba na kukabidhiwa mwaka 1976, ilikuwa kwanza kabisa silaha ya ukombozi: Zambia ipate njia ya baharini isiyopita kwa makaburu na walowezi wa Rhodesia. Na katika ukanda huo huo dola ilithubutu kuweka viwanda: karatasi Mgololo, saruji na zana za kilimo Mbeya. Sisemi hili kwa machozi ya kumbukumbu. Issa Shivji alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 jinsi tabaka la warasimu lilivyojikita katika mashirika ya umma na kuzungumza kwa niaba ya wafanyakazi bila kuwapa wafanyakazi madaraka. Viwanda vile vilikuwa na kasoro nyingi. Lakini kulikuwapo wazo kwamba njia inaweza kuwa na vituo vya uzalishaji. Baada ya makubaliano na IMF mwaka 1986, na ubinafsishaji wa miaka ya 1990, wazo hilo lilizikwa. Njia ikabaki njia.

Makinikia yamerudi

Wageni wakija Songwe tunawapeleka Mbozi kukitazama kimondo, tani zipatazo 16 za chuma kilichoanguka kutoka mbinguni. Ningependa tuwapeleke pia Ngualla, katika Wilaya ya Songwe. Mlima ule umebeba madini adimu, hasa neodimi na praseodimi, yanayotengeneza sumaku za magari ya umeme na mitambo ya kufua umeme wa upepo. Dunia nzima inayagombea.

Kwa miaka kadhaa mpango uliotangazwa na kampuni ya Australia, Peak, ulikuwa hivi: mawe yachimbwe na kusagwa Songwe, makinikia yasafirishwe, kisha usafishaji na utenganishaji ufanyike Teesside, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Aprili 2023 Serikali ilisaini mkataba wa ubia, ikapata asilimia 16 ya hisa zisizofifishwa, na leseni ikatolewa. Mwaka huohuo Peak ikakubaliana kuiuzia makinikia hayo kampuni ya China, Shenghe, ambayo tayari ilikuwa na karibu asilimia 20 ya hisa zake. Mwaka 2025 Shenghe ikaenda hatua ya mwisho: kuinunua Peak yote.

Tazama kilichobadilika na kisichobadilika. Mwenye hisa amebadilika, bendera imebadilika, bahari ya kuvuka imebadilika. Kiwanda cha kusafisha kilipangwa Uingereza, sasa kipo China. Katika mabadiliko yote hayo, hatua yenye thamani kubwa haikuwahi hata siku moja kusogea kuelekea Vwawa.

Tena tulikwisha kupigana vita hivi. Nani amesahau Machi 2017, makontena 277 pale bandarini, na kamati ya Profesa Mruma? Neno makinikia liliingia hata vijiweni. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya utajiri na maliasilia, iliyokataza maliasilia ghafi kupelekwa nje kwenda kuchakatwa. Basi leo mgogoro wote umehamia katika tafsiri ya neno ghafi. Ukikubali kwamba jiwe lililosagwa na kuongezwa kiwango si ghafi tena, sheria imetimizwa na mlima umeondoka.

Na hapa pana jambo ambalo mtumishi wa umma anayesoma makala hii analielewa kuliko mimi. Kampuni inayochimba na kampuni inayonunua zikiwa mali ya bwana mmoja, bei ya makinikia hupangwa kati ya mfuko wa kulia na mfuko wa kushoto. Bei ikiwa ndogo, faida hapa nchini huwa ndogo, na asilimia 16 ya faida ndogo ni kidogo vilevile. Hisa zisizofifishwa haziwezi kumlinda mwenye nazo dhidi ya bei iliyofifishwa.

Kahawa na mahindi nazo

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la madini pekee. Mkulima wa Mbozi huchuma kahawa yake, huimenya na kuianika, ikakobolewa, kisha ikasafiri ikiwa mbichi. Bei yake hufuata soko la New York. Hukaangwa na kusagwa Ujerumani, Italia na Japani. Na Ujerumani, isiyo na mbuni hata mmoja shambani, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani. Tunaambiwa tatizo ni ushuru. La hasha. Tangu mwaka 2001 Ulaya imefungua soko lake bila ushuru kwa bidhaa za nchi maskini kabisa, kahawa iliyokaangwa ikiwamo. Kizuizi ni mtaji, majina ya biashara, meli na rafu za maduka makubwa, vyote vikiwa mikononi mwa kampuni chache. Mkulima, kwa upande wake, ada ya shule ikimbana huiuza kahawa ingali mtini kwa bei ya mwenye shida.

Mahindi nayo yana somo lake. Juni 2017 Rais Magufuli alipiga marufuku kuuza mahindi nje, akataka tuuze unga. Wazo lilikuwa sahihi kabisa. Lakini amri ilitangulia vinu, mikopo na masoko, na aliyelipa gharama ni mkulima wa nyanda za juu aliyeshuhudia bei ikiporomoka. Marufuku ikaondolewa. Mwaka 2024 Zambia ilipokumbwa na ukame, NFRA ilikubaliana kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Mahindi, si unga. Miaka 7 ilikuwa imepita, na hatukuwa tumeitumia.

Nani anashiba kwa kupitisha?

Ni rahisi kumlaani beberu na kuishia hapo. Mtaji wa kimataifa haufanyi kazi bila washirika wa ndani. Tabaka la mabwanyenye wetu linapata faida yake katika mzunguko wa bidhaa: malori, vituo vya mafuta, uwakala, uagizaji, zabuni, upangishaji. Biashara ya namna hiyo hurudisha fedha kwa wiki. Kiwanda hurudisha kwa miaka. Benki, kwa riba ya takriban asilimia 15, nazo huchagua wiki. Tabaka hilo halina sababu ya kupigania kiwanda cha kusafisha madini Songwe, kwa sababu kila tani inayosafiri ikiwa ghafi ni tani inayohitaji lori.

Dola nayo imezoea. Mapato ya mpakani ni rahisi kukusanya: lango ni moja, foleni ni moja, risiti ni moja. Ofisa hupimwa kwa makusanyo, hapimwi kwa hatua ngapi za uzalishaji zimeongezeka mkoani. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, nasi tukatarajia kwamba utawala ukisogea, uchumi nao utasogea. Zilizosogea ni ofisi.

Sasa wakubwa wa dunia wanashindana tena juu ya vichwa vyetu. Marekani na Ulaya wanaifadhili njia ya Lobito kuelekea Atlantiki. China imeahidi takriban dola bilioni 1.4 kuifufua TAZARA, safari hii kwa ukodishaji wa miaka 30, tofauti kabisa na mkopo wa mshikamano wa enzi za Mao. Wote wanagombea reli. Hakuna anayegombea kutujengea kiwanda.

Jibu kwa wenzangu

Wenzangu wa idara ya uchumi hunijibu kwamba utenganishaji wa madini adimu unataka teknolojia, umeme na soko, na kwamba China husafisha zaidi ya asilimia 80 ya madini hayo duniani. Sisi ni nani? Nawajibu: China haikuzaliwa nayo. Dola yake ilipanga, ikasomesha wahandisi, ikaweka ukomo wa kuuza nje mpaka Shirika la Biashara la Dunia lilipoamua dhidi yake mwaka 2014, wakati ambapo viwanda vilikwisha kusimama. Indonesia ilizuia kuuza nikeli ghafi Januari 2020, na vinu vya kuyeyushia vikajengwa. Botswana, nchi yenye watu wachache kuliko jiji la Dar es Salaam, iliifanya De Beers ihamishe upangaji wa almasi kutoka London kwenda Gaborone mwaka 2013.

Nakiri pia upande wa pili. Vinu vya Indonesia kwa sehemu kubwa ni vya Wachina, na wafanyakazi pamoja na mito wamelipa gharama kubwa. Usafishaji wa madini adimu huacha taka za kemikali ambazo si za kufanyia mzaha. Ndiyo maana sisemi tudai kiwanda chochote kwa masharti yoyote. Kiwanda bila nguvu ya wavujajasho ni unyonyaji wenye paa.

Tudai nini

Kwanza, mkataba wa Ngualla na mikataba ya mauzo ya makinikia iwekwe wazi, pamoja na kanuni ya kukokotoa bei. Mwenye asilimia 16 ni mwananchi. Mwenye mali hafichwi bei ya mali yake.

Pili, leseni ifungwe na ratiba ya hatua za usafishaji yenye tarehe na adhabu. Ahadi isiyo na tarehe ni hotuba.

Tatu, tukae meza moja na majirani. Zambia na Kongo zilitiliana saini Aprili 2022 kushirikiana katika mnyororo wa betri. Shaba na kobalti yao inapita Tunduma. Madini yetu yako katika mkoa uleule unaopitiwa na njia hiyo. Nchi tatu zikiuza kila moja kivyake, mnunuzi hucheka.

Nne, ushirika wa Mbozi upewe mtaji wa kukaanga na kufungasha, kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, kwa riba ya uzalishaji na si ya uchuuzi. Na viongozi wa AMCOS wawajibike kwa wanachama wao, si kwa ofisi ya wilaya.

Haya hayataletwa na hisani ya waziri wala na ukarimu wa mwekezaji. Yataletwa na wakulima, wachimbaji wadogo, madereva na mama lishe watakapojipanga, na na wasomi watakaoacha kuandika insha za kusifu lango. Kwa wanafunzi wangu waliotoka Momba, Ileje na Mbozi: mkirudi likizo, msihesabu malori. Ulizeni kilichomo ndani, kimetoka wapi, kinakwenda kugeuzwa wapi, na ni nani aliyeamua hivyo.