Ng'ombe mgeni akae pembeni wiki nne, watoto wabaki salama

Familia inayonunua mtamba wa maziwa Mwanza au Bunda na kumvusha hadi Nansio huwa imejiandaa kwa mengi: fedha, banda, kamba, na hata jina atakaloitwa. Kinachosahaulika mara nyingi ni afya ya watoto watakaomzunguka kuanzia jioni ileile anayofika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa ng'ombe, siku mbili hazitoshi. Wataalamu wa mifugo hushauri atengwe wiki tatu hadi nne, asichanganywe na ng'ombe, mbuzi au kondoo waliopo, wala asile na kunywa kwenye vyombo vyao. Mnyama anaweza kuwa mnene na manyoya yanang'aa, kumbe amebeba ugonjwa.

Homa isiyoisha

Ugonjwa ambao wazazi wanapaswa kuuogopa zaidi ni brusela, ambao wafugaji wengi wanaufahamu kama ugonjwa wa kutupa mimba. Humfikia binadamu kupitia maziwa mabichi, au anapogusa kondo la nyuma na majimaji ya ng'ombe aliyezaa au kutupa mimba.

Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu. Kwa wakazi wa kando ya ziwa, homa ya namna hiyo hudhaniwa kwanza kuwa malaria au taifodi. Mtoto anapewa dawa, anapata nafuu, baada ya siku chache homa inarudi. Matibabu sahihi ya brusela huchukua takriban wiki sita kwa dawa zaidi ya aina moja, hivyo kuchelewa kuigundua ni kumtesa mtoto bure.

Ndiyo maana mzazi anapofika zahanati na mtoto mwenye homa isiyoisha, anapaswa kumweleza mganga kuwa nyumbani kuna ng'ombe na kama wanakunywa maziwa yake. Maelezo hayo mafupi yanaweza kubadilisha vipimo vitakavyofanyika.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, mnunuzi aulize kama kwenye zizi hilo kuna ng'ombe waliotupa mimba, na amwombe ofisa mifugo apime damu ya mnyama. Kibali cha kumsafirisha nacho ni lazima. Mtamba mwenye mimba anaweza kuhitaji kupimwa tena baada ya kuzaa, kwa kuwa kipimo cha kwanza wakati mwingine hakioneshi ugonjwa.

Siku ya kuzaa, watoto na wajawazito wakae mbali. Anayesaidia avae glovu, na kondo la nyuma lizikwe shimo refu ambalo mbwa hawatafukua.

Banda nje ya nyumba

Katika kisiwa jirani cha Ukara, Wakara walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe ndani ya nyumba. Mnyama alikaa kwenye shimo, akaletewa majani, na samadi yake ikarutubisha mashamba madogo ya kisiwa chenye watu wengi. Wataalamu wa kilimo walikuwa wakiuandikia utaratibu huo tangu miaka ya 1930.

Hekima ya kumletea ng'ombe majani na kutunza samadi bado inafaa Ukerewe, ambako ardhi ni finyu. Kinachopaswa kubadilika ni kulala naye chini ya paa moja. Kinyesi chake kina vijidudu vya kuharisha, na mtoto anayetambaa huweka mdomoni kila anachokiokota. Banda liwe mbali na jiko na kisima, samadi irundikwe mahali pamoja, na sabuni iwe karibu na maji.

Maziwa yachemke

Maziwa yachemshwe mpaka yaumuke, yakorogwe, kisha yafunikwe yapoe. Hata ya mtindi yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, kwa sababu kuganda peke yake hakuui vijidudu vyote. Ng'ombe akichomwa sindano, familia imuulize mtaalamu ni siku ngapi maziwa yake yasitumike.

Nani anakwenda ziwani?

Ng'ombe huleta kazi mpya, na kazi hizo huangukia watoto: kukata majani na kuchota maji. Kwa Ukerewe hilo lina hatari yake. Minyoo ya kichocho huishi kwenye maji yenye konokono na hupenya ngozi ya anayeingia ziwani. Kichocho cha tumbo, kilichoenea visiwani humo, huharibu ini taratibu, na mgonjwa anaweza kufikia kutapika damu.

Mtoto asitumwe kukata matete akiwa amesimama majini. Majani ya viazi, majani ya migomba na matete yaliyopandwa kwenye matuta ya shamba hupunguza safari za ufukweni. Inapobidi kwenda, aende mtu mzima aliyevaa gambuti. Watoto nao wasikose dawa za kichocho zinapotolewa shuleni.

Kamba isifungwe mkononi

Watoto wafundishwe kumkaribia ng'ombe kutoka upande anaowaona, si kwa nyuma. Kamba ya kumwongozea isizungushwe mkononi wala kiunoni, kwani ng'ombe akishtuka na kukimbia humburuza aliyeishika. Kwa wiki hizo za mwanzo, mtu mzima mmoja ndiye amlishe na kusafisha banda, akiwahudumia kwanza wanyama wa zamani na kumalizia kwa mgeni, kisha anawe na kubadili viatu.

Wiki nne zikipita bila homa, kikohozi wala kuharisha, na ofisa mifugo akaridhika na majibu ya vipimo, mgeni anaweza kuungana na wenzake. Jiko la kuchemshia maziwa lenyewe liendelee kuwashwa kila siku.